Makaburi Yaliyofyekwa Kabla ya Mvua

Nilipokuwa mtoto, mahali pekee kijijini kwetu ambapo ng'ombe hakula majani palikuwa makaburini. Kwingine kote alikula. Alikula mabua shambani baada ya mavuno, alikula kando ya barabara ya kwenda Mugumu, alikula uwanja wa shule sisi tukiwa darasani, na siku moja aliingiza kichwa dirishani akala chati ya hesabu iliyokuwa imening'inizwa ukutani. Lakini akifika kwenye ule uzio wa minyaa nyuma ya kanisa, aliyekuwa akimchunga alimrudisha kwa fimbo na matusi, tena mwenyewe akiwa ametazama pembeni.

Kijiji chetu kiko upande wa Mbalibali, katika wilaya ambayo wageni huijua kwa sababu ya wanyama wakubwa. Sisi watoto wa huko hatukuwa tumewaona wanyama hao zaidi ya mtoto wa mjini. Wako hifadhini, na hifadhi ina mipaka. Wanyama wetu walikuwa wale wa makaburini.

Kanisa lilikaa juu ya kilima kidogo cha miamba, na makaburi yaliteremka nyuma yake kuelekea magharibi. Kwa kuwa hakuna aliyelima pale, wala kulisha, wala kukata kuni, pale palibaki kila kitu ambacho kwingine kilikuwa kimekwisha. Zilikuwepo zile nyasi ndefu za kuezekea ambazo babu zetu walizikata popote, na ambazo sisi tulizijua kwa kuzichungulia tu. Ilikuwepo mizeituni pori yenye magome yaliyopasuka, na mikonge pori, na mishubiri iliyotoa maua ya rangi ya chungwa wakati wa kiangazi, ndege wadogo wenye midomo iliyopinda wakija kuyanyonya. Juu ya miamba pimbi walikaa wakiota jua kama wazee wa baraza. Chini ya vichaka kulikuwa na kwale, na kalunguyeye, na nguchiro waliokwenda kwa mstari, na kobe mmoja mkubwa ambaye alikuwepo kabla baba yangu hajazaliwa, au hivyo ndivyo tulivyoambiwa. Mvua ilipokaribia, ndege dudumizi aliimba humo ndani. Sauti yake ni kama ya maji yanayomiminwa kutoka kwenye kibuyu chembamba. Akisikika, watu walianza kunoa majembe.

Kulikuwa na mambo tuliyokatazwa. Kuni za makaburini haziivishi ugali, hata ukoke moto wa namna gani. Anayenyosha kidole kuelekea kaburi hukunjika kidole hicho. Na kuna mambo mengine ambayo watu wazima walisema kwa sauti ya chini, wakatuona, wakanyamaza. Nilipofika chuoni, mhadhiri mmoja alisema kwamba imani za namna hii ndizo zilizotunza misitu ya Afrika. Alisema vizuri, na niliandika. Lakini najua kitu ambacho hakikuwemo katika somo lake. Najua kwamba uzio wa imani unaweza kulinda kitu kwa miaka mingi, kisha ukavunjwa kwa siku moja na mtu mwema, kwa kuwa hakuna aliyemwambia ulikuwa unalinda nini.

Mtu huyo mwema alikuwa baba yangu.

Naanza na bibi. Alikuwa mama mzazi wa baba, akiishi nasi uani kwetu, katika nyumba yake ndogo ya udongo aliyokataa ibomolewe hata baada ya baba kujenga ya matofali. Kwa desturi yetu mjukuu wa kike ni mke mwenza wa bibi yake, kwa hiyo tulitaniana tangu asubuhi. Alinilalamikia kwamba nimemnyang'anya mume, nami nilimwambia mume mwenyewe amekufa zamani, hakuna cha kugombea.

Kila mwaka, baada ya mvua ya kwanza ya vuli, bibi alitoka asubuhi na mama yangu kwenda shambani, nami nikiwa nyuma yao. Badala ya kufuata njia, tulipita makaburini. Bibi aliiita njia ya mkato.

"Bibi, huu ni mkato gani unaorefuka?" nilimwuliza mwaka mmoja, nikiwa darasa la pili.

"Nyamaza, mke mwenzangu. Una haraka gani ya kulima? Jembe lenyewe hujui kulishika, unalibeba kama mwiko."

Tulipita kwenye pengo la minyaa, tukainama chini ya mzeituni, tukafika mahali ambapo nyasi zilikuwa na umande mzito. Na pale, kutoka kwenye udongo mtupu, bila jani hata moja, lilikuwa limechomoza ua. Kama hujaliona, nitashindwa kulieleza. Shina la kijani lenye madoa, nene kama kidole gumba, na juu yake mpira mwekundu, mwekundu kabisa, uliotengenezwa kwa vijiuzi vyembamba vingi vinavyosimama pande zote. Lilitokea mara moja kwa mwaka, mvua ikigusa ardhi. Likakaa siku chache, likafifia, majani yakaja baadaye, na kiangazi kikirudi halikubaki hata alama. Kitunguu chake kililala chini kikisubiri. Bibi aliliita ua la mvua. Siku ile niliyaona mengine pia, hapa moja, kule jingine, mbalimbali kati ya vichaka, kama taa.

Mama alisimama mbele ya lile lililokuwa karibu na mzeituni. Hakupiga magoti, hakuomba. Aliinama akaondoa jani kavu lililokuwa limeangukia ua, akasimama tena. Mimi nikanyosha mkono.

Bibi alinishika kifundo cha mkono kabla sijagusa, akakibana mpaka nikaumia.

"Ukichuma hilo, wanawake watapotea njia mchana."

"Mchana? Si wanaona?"

"Wataona, na watapotea."

"Hata mama?"

Bibi aligeuka kumtazama mama. Mama alikuwa ameshaanza kuondoka, jembe begani, hatua zake ndefu.

"Mama yako atatangulia," alisema bibi.

Niliogopa vizuri. Kuna hofu za utotoni ambazo ukikua unazicheka, lakini hiyo sijawahi kuicheka. Kwa siku kadhaa nilimfuata mama hadi kisimani na kurudi, nikihakikisha anakumbuka njia. Aliniuliza kama nimekuwa mkia wake.

Mwaka uliofuata kanisa letu lilijiandaa kwa jubilei. Askofu angekuja. Baba alikuwa mzee wa kanisa, fundi seremala kwa kazi yake, mtu wa mikono mikubwa na maneno machache, na wakamchagua kuwa mwenyekiti wa kamati. Sijawahi kumwona akiwa na furaha kama siku zile. Alipaka rangi viti vya kanisa yeye mwenyewe, akatengeneza mimbari mpya, na jioni alikaa na wenzake uani kwetu wakipanga mambo, mama akiwapelekea chai. Hapo ndipo niliposikia kwa mara ya kwanza neno la makaburi.

"Askofu atafika na wageni," alisema mchungaji wetu, kijana aliyekuwa na muda mfupi tangu aletwe kwetu. "Watataka kuona walipolazwa Wakristo wetu wa kwanza. Tuwapeleke porini?"

"Hata misalaba haionekani," alisema baba. "Tufyeke. Tupande ukoka. Pawe pasafi."

Mzee Chacha, jirani yetu ambaye hakuwahi kuacha jambo lipite bila mzaha, alisema, "Mkifyeka, mwambieni kobe atafute kanisa jingine."

Wakacheka. Bibi alikuwa amekaa mlangoni kwake akichambua ulezi katika ungo. Alisema bila kuinua kichwa:

"Mwita."

"Naam, mama."

"Fyekeni mvua ikishanyesha."

"Mama, askofu anakuja kabla ya mvua."

"Basi mwambieni aje baada."

"Askofu haambiwi hivyo, mama."

"Basi mimi nakwambia wewe. Subirini mvua."

Baba alimngojea aendelee. Mzee Chacha alisema, "Bibi anawaonea huruma nyoka wake, wasifukuzwe wakati wa kiangazi," na kicheko kikarudi, na bibi akaendelea kupeta ulezi, pumba zikimwangukia miguuni.

Siku chache baadaye alikwenda kwa mchungaji mwenyewe. Nilimsindikiza. Alimwambia yale yale: pasikatwe mpaka mvua inyeshe. Mchungaji alimpa kiti, akamsikiliza kwa heshima, akamwuliza kwa nini. Bibi alinitazama mimi, akatazama mlango, akasema kwamba ndivyo ilivyo. Jumapili iliyofuata mahubiri yalikuwa juu ya nuru na giza. "Sisi Wakristo hatuogopi majani," alisema mchungaji, na baba, aliyekaa mbele, alitikisa kichwa kukubali, ila macho yake yalikuwa chini kwa aibu kwa ajili ya mama yake.

Sasa nadhani najua bibi alikuwa amebanwa wapi. Nilikuja kuelewa polepole, kwa vipande, na kimoja nilielezwa na mama nikiwa tayari mtu mzima.

Zamani, katika kanisa letu, mtoto mchanga aliyekufa kabla ya kubatizwa hakuwekewa msalaba. Na kwa mila yetu, aliyekufa kabla ya kupewa jina hakuliliwa hadharani, wala hakutajwa. Kumtaja ni kumwita, na akiitwa huja kumchukua mdogo wake aliyemfuata. Kumzika ilikuwa kazi ya wanawake. Wanaume hawakwenda, hawakuuliza walikokwenda. Mama mkwe ndiye aliyembeba, maana mzazi mwenyewe alikuwa bado yuko ndani kwa uzazi. Wakatafuta nafasi makaburini, wakazika, na kwa kuwa hawakuruhusiwa msalaba wala jiwe, wakapanda kitunguu cha ua la mvua. Hilo halikuwa alama kwa macho ya mtu mwingine. Kwa mwaka mzima hakuna aliyeona kitu. Kisha mvua ilinyesha, na kila mama alijua wa kwake yuko wapi.

Kanisa lilishaacha sheria ile zamani. Wanawake hawakuacha desturi yao. Kabla yangu mimi, mama alizaa mtoto wa kiume, akaishi juma moja.

Watu walimwita Mama Robi, kwa jina langu, kana kwamba mimi ndiye kifungua mimba. Naye aliitikia.

Kwa hiyo tangazo lilipotolewa kanisani kwamba kila familia iweke mawe na kuyapaka chokaa kwenye makaburi yao kabla ya siku ya kufyeka, wanaume walikwenda. Waliwatafuta baba zao na babu zao chini ya nyasi, wakaweka mawe, wakapaka chokaa, na kazi ilifanyika kwa uaminifu. Baba aliwawekea wazazi wa watu waliohama. Hakutaka kaburi hata moja lipotee. Alizunguka mara nyingi akiuliza, "Kuna mwingine? Kuna aliyesahaulika?" Na wanawake waliomsikia wangesema nini? Wangemtaja nani? Hata kama mmoja angejipa moyo akabeba jiwe lake, angeliweka wapi? Kilikuwa kiangazi. Ardhi ilikuwa imefunga mdomo. Bibi mwenyewe, aliyezika kwa mikono yake, alijua ni upande wa mzeituni, lakini hakujua ni hatua ipi mpaka ua litoke. Ndiyo maana aliomba kitu kimoja tu, mvua, na ndicho kitu pekee ambacho kamati haikuwa nacho.

Walifyeka Jumamosi. Kijiji kizima kilikuwepo, mapanga, mafyekeo, majembe, nyimbo. Mama alisema kichwa kinamuuma, akabaki nyumbani. Sisi watoto tulikaa nje ya uzio kuona kitakachotoka, na vilitoka. Kwale waliruka kwa kelele mpaka mtu mmoja akaangusha panga. Kalunguyeye walibingirika wakawa mipira ya miiba. Kenge alipita kati ya miguu ya wanakwaya, na wimbo ukakatika katikati ya ubeti. Mwewe walishajua habari, wakazunguka juu. Kobe alitoka wa mwisho, taratibu, kama mtu aliyeombwa na mwenyeji aondoke na hataki kuonyesha kwamba ameumia. Baba alimbeba kwa mikono miwili, akampeleka bondeni. Alirudi akisema atakuwa salama. Hatukumwona tena.

Kisha majembe yakaingia kupanda ukoka. Vitunguu vyeupe vilianza kujitokeza kwenye udongo uliopinduliwa, vikubwa kama ngumi ya mtoto.

"Aise, marehemu walikuwa na bustani!" alisema Mzee Chacha akikirusha kimoja hewani. "Vitunguu vya kutosha. Walikuwa wanapika nini humu chini?"

"Tupa huko, mura, usitulishe sumu," mtu alimjibu, akimwita kijana kwa lugha ya kwetu.

Wakavitupa kwenye rundo la matawi na mizizi. Mizeituni ilikatwa siku hiyo hiyo, kwa kuwa ingetia kivuli ukoka. Rundo likakauka, likachomwa. Moshi wake ulikaa juu ya kilima mchana kutwa.

Jubilei ilikuwa nzuri. Lazima niseme hivyo, kwa sababu ilikuwa nzuri. Askofu alitembea kati ya mawe meupe, akasema ameona makanisa mengi lakini hajaona makaburi yaliyotunzwa namna hii, na watu wakapiga makofi, na baba akatazama chini. Nilijivunia kuwa mtoto wake. Bibi alivaa kitenge chake kipya, akaimba nyimbo zote. Hakuna aliyeweza kumsoma.

Mvua ilinyesha wiki chache baadaye. Ilinyesha jioni na alfajiri ikakoma. Asubuhi ile sikusikia dudumizi, ila hilo nimelitambua leo ninapoandika. Ilikuwa Jumapili, na kabla ya ibada baba aliniambia twende tukaone kama ukoka umeshika. Tulipozunguka ukuta wa kanisa tuliwakuta.

Walikuwa wanawake kama saba au nane, sikuwahesabu. Kila mmoja alikuwa peke yake. Walikuwa wakitembea juu ya ule uwanja uliosawazishwa, polepole, macho chini, wakienda, wakisimama, wakirudi walikotoka. Walipishana bila kusalimiana. Jua lilikuwa limeshachomoza, kila kitu kilionekana mpaka milima ya mbali, na wao walitembea kama watu walioingia katika nyumba isiyo yao gizani. Mmoja, mke wa Mzee Chacha, alipomwona baba alijifanya anatafuta kitu.

"Hereni yangu," alisema. "Imeanguka hapa siku ya jubilei."

"Tukusaidie kutafuta, mama," alisema baba.

"Hapana, hapana. Ni ya bei rahisi tu." Akaendelea kutafuta, machozi yakimteremka.

Kisha baba akamwona mama. Alikuwa upande ule ulikokuwa mzeituni, au ulikodhaniwa kuwa, maana hata kisiki kilikuwa kimeng'olewa. Alikwenda hatua chache kuelekea kanisani, akasimama, akarudi, akajaribu kutoka kwenye pengo la uzio ili aingie upya kama alivyozoea kuingia. Bibi alikuwa kando yake amejishika kiuno.

"Mama Robi," aliita baba, "na wewe umepoteza nini?"

Mama aliniangalia mimi. Sijasahau jicho lile. Lilikuwa na hofu, na hofu ile ilikuwa juu yangu.

Bibi alinivuta akanibana kwenye kitenge chake, akaniziba masikio kwa viganja vyake. Lakini viganja vya mzee vina mianya.

"Anamtafuta mtoto wako," alimwambia baba.

"Mtoto gani?"

"Wa kwanza, Mwita. Nilimleta hapa. Wewe ulikuwa Tarime kwenye kazi ya mbao. Nilimleta hapa mwenyewe."

Baba alitazama ukoka wake. Ulikuwa umeshika vizuri, mistari imenyooka.

"Yuko wapi?" alisema. "Mama, nionyeshe tu. Nitamjengea."

"Nilimjua kwa ua," alisema bibi.

Kisha baba alifanya jambo ambalo bado linaniumiza kulikumbuka. Alikwenda kwenye majivu ya lile rundo, akapiga magoti na suruali yake ya Jumapili, akaanza kuchakura. Moto haukuwa umekula vyote. Vitunguu vingine, vya chini, vilikuwa vimeungua nje tu. Alivitafuta kimoja kimoja, akavitia ndani ya kofia yake, akaja navyo kwa bibi akiwa mweusi mpaka viwikoni.

"Hivi hapa, mama. Rudisha."

"Nirudishe wapi, mwanangu?"

"Vilipokuwa."

Bibi alichukua kimoja, akakifuta majivu kwa kidole gumba, akakigeuza. Wanawake wengine walikuwa wamesogea. Walivitazama vile vitunguu kofiani, na hakuna aliyenyosha mkono, kwa sababu vyote vilifanana.

"Haya ni maua tu sasa," alisema bibi.

Kwa majuma mengi baada ya hapo mama alinigusa paji la uso kila asubuhi kabla hajawasha moto. Bibi aliacha kunitania. Na baba, aliyekubali mbele ya kanisa zima kwamba hatuogopi majani, siku nilipoanza kukohoa kikohozi cha kawaida cha mvua aliacha chai yake mezani, akanibeba kwenye baiskeli hadi zahanati, akikanyaga kama anafukuzwa. Nilikuwa nyuma nimemshika kiuno. Nilisikia moyo wake ukipiga mgongoni.

Sikufa. Hakuna aliyekuja kunichukua. Wakati mwingine nafikiri kwamba kama ningejua yote mapema, ningewaambia: semeni tu, mtajeni, mimi nitavumilia. Lakini mtoto hapewi nafasi ya kusema hivyo, na nadhani hata ningesema, mama asingekubali. Alikuwa na watoto wawili, mmoja chini ya ardhi na mmoja juu yake, na akaambiwa na mila kwamba hawezi kumlinda mmoja bila kumnyamazia mwingine. Alinyamaza kwa ajili yangu. Ni kwa sababu yangu, mimi ninayekula na kucheka na kupanda basi kwenda mjini, kwamba kaka yangu hana mahali.

Baba alijiuzulu uenyekiti. Hakutoa sababu. Kwa miaka kadhaa aliwaomba wazee wa kanisa waache kona moja isifyekwe, na wakakubali, lakini kilichoota humo ni magugu ya kawaida yanayoota popote. Nyasi za kuezekea hazikurudi. Kwale hawana pa kutagia kwenye ukoka. Pimbi walihama miambani mmoja mmoja, na siku hizi, mvua ikikaribia, watu wa kwetu husikiliza utabiri kwenye simu. Mahali pamekuwa pasafi. Waliokuja baadaye hawajui kwamba palikuwa na kitu. Bibi naye amelazwa pale, chini ya msalaba wa mninga aliouchonga baba, jina lake limeandikwa vizuri, na kila mara nikilisoma naona wivu kwa niaba ya mtu mwingine.

Nimejaribu kutafuta wa kumlaumu, na sijampata. Mchungaji alikuwa kijana, alitumwa kuleta nuru. Wanaume waliuliza, tena zaidi ya mara moja. Wanawake walishika walichofundishwa. Bibi alisema kila neno lililoruhusiwa kusemwa. Kila mtu alifanya lililo sawa, na likatokea hili. Ninachojutia ni kwamba tulikuwa na maneno mengi ya kutisha watoto, vidole vinavyokunjika, ugali usioiva, wanawake wanaopotea mchana, na katika maneno yote hayo hatukuwa na neno moja la kumwambia mume: hapa amelala mwanao.

Mwezi uliopita nilikwenda nyumbani, tukaenda ibadani pamoja. Njia ya kutoka kwetu siku hizi hupita katikati ya makaburi. Mama alipofika langoni aliinama akavua ndala zake, akazishika mkononi. Baba akavua viatu vyake vya ngozi, kwa shida, maana mgongo wake sasa unamsumbua. Wakapita juu ya ukoka miguu mitupu, taratibu, wakiweka mguu chini kama mtu anayepita chumba alicholala mtoto. Hawakufanya hivyo mahali fulani. Walifanya hivyo pote, kutoka lango hadi ukuta wa kanisa.

Wasichana wa kwaya walikuwa wamesimama mlangoni. Mmoja alimnong'oneza mwenzake kwamba wazee wa zamani walikuwa na heshima na nyumba ya Mungu.

Nilivua viatu vyangu, nikawafuata.